Kiti cha Bonds na Ukimya wa Wenzake

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika chumba cha wachezaji cha San Francisco Giants, kulikuwa na kona yenye mwenyewe. Kiti kikubwa cha ngozi, cha kuegemea mpaka ukalala, chenye kukanda mgongo. Runinga kubwa iliyogeuzwa upande wa kiti hicho. Makabati kadhaa ya mtu mmoja, ilhali wenzake kila mtu alikuwa na kabati lake moja na kiti cha kawaida cha kukalia wakati wa kufunga kamba za viatu. Mwenye kona alikuwa Barry Bonds.

Kwa msomaji anayeiona besiboli kwenye filamu tu, inafaa kueleza kwamba chumba hiki si kile cha viwanja vyetu vya mpira, ambapo timu huingia saa moja kabla ya mechi na kuondoka ikishaoga. Timu ya Ligi Kuu ya Marekani hucheza mechi 162 ndani ya miezi sita hivi, karibu kila siku ya Mungu, nusu yake ugenini. Wachezaji hufika uwanjani mapema sana. Wanakula humo, wanasinzia humo, wanacheza karata, wanakandwa, wanazozana na kupatana. Ni nyumba ya watu 25, na siku hizi 26. Kona ya Bonds ilikuwa chumba cha mwenye nyumba, ila hakikuwa na mlango, kwa hiyo kila mtu alikiona kila siku.

Msimu wa 2001 Bonds alipiga homurani 73. Homurani ni pale mpigaji anapoupeleka mpira nje ya uzio, akazunguka vituo vyote vinne bila mtu wa kumkimbiza. Hakuna aliyefikisha idadi hiyo kabla yake wala baada yake. Agosti ya mwaka huohuo, Rick Reilly wa jarida la Sports Illustrated aliandika makala kali kuhusu maisha ya Bonds na wenzake: hanyooshi viungo pamoja nao, hali nao, ana watu wake wa kumkanda, wa kumsimamia mazoezi na wa kumpangia chakula. Humo alimnukuu Jeff Kent, mchezaji bora wa ligi ya National mwaka uliotangulia, akilalamika. Watu wengi wanakikumbuka kiti. Mimi nimebaki na lalamiko la Kent, kwa sababu halikuhusu kiti kabisa. Alisema Bonds hawajibu waandishi wa habari, kwa hiyo mzigo wa kujibu maswali unawaangukia wengine.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Sina ugomvi na kiti. Mtu wa miaka 37 ambaye magoti na mgongo wake vinabeba timu nzima, mpe kiti. Mpe na mto. Lakini sehemu kubwa ya upendeleo anaopewa nyota ni kazi aliyosamehewa, na kazi aliyosamehewa mmoja haipotei, inaokotwa na mwingine. Waandishi bado wapo mlangoni na vinasa sauti vyao. Timu imefungwa, lazima mtu aeleze kwa nini. Kama si yule aliyeukosa mpira wa mwisho, atakuwa yule aliyekaa kabati la jirani. Anayeokota kazi hiyo akiweza kusema wazi kwamba amechoka, timu inaendelea kuishi. Asipoweza, kuna kitu kinaanza kufa humo ndani, na hakionekani kwenye ubao wa matokeo.

Nililijua hili kabla sijaisikia besiboli. Katika shule ya bweni niliyosoma nilikuwa beki wa kushoto wa timu ya shule, na tulikuwa na straika ambaye mikoa ya jirani ilimjua kwa jina. Siku ya mechi kila mchezaji alipata yai moja la kuchemsha, yeye matatu. Tulilala bwenini kwenye magodoro yaliyokonda, yeye alilazwa chumba cha wagonjwa, kwenye kitanda cha chemchemi. Hakuna aliyenuna, maana alifunga, na ushindi wake ulikuwa wetu. Kisha akasamehewa kubeba nyavu na ndoo za maji. Kisha akasamehewa kukimbia alfajiri. Bado tulivumilia. Siku moja timu ilichelewa kurudi kutoka mjini, tukachapwa wote, yeye akaambiwa akapumzike. Kuanzia siku hiyo golikipa wetu, ambaye sauti yake ilisikika mpaka jikoni, akaacha kumpigia kelele arudi kukaba kwenye kona. Sikuelewa mara moja. Mechi ya tatu baada ya hapo tulifungwa kwa kona. Mtu aliyetakiwa kukabwa na straika wetu aliruka peke yake, akapiga kichwa kama yuko mazoezini. Nilimtazama golikipa. Aliuokota mpira wavuni, akaufuta vumbi kwa kiganja, akautupa katikati, asiseme neno. Kwenye lori la kurudi hakuna aliyesema neno.

Ukimya ule ndio ninaoutafuta kila ninaposoma habari za nyota na upendeleo wao. Katika kisa cha Bonds umeandikwa kwenye ripoti rasmi. Desemba 2007, George Mitchell, seneta wa zamani aliyepewa kazi na ligi kuchunguza dawa za kuongeza nguvu, alitoa ripoti yake. Wengi waliikimbilia orodha ya majina. Mimi nilikaa zaidi kwenye kurasa zinazomhusu Stan Conte, mtaalamu wa tiba wa Giants. Conte alikuwa na wasiwasi na wakufunzi binafsi wa Bonds waliokuwa wakiingia na kutoka kwenye vyumba vya timu, mmojawapo Greg Anderson, ambaye baadaye alikiri mahakamani makosa yanayohusu dawa hizo. Kwa mujibu wa ripoti, Conte alipomweleza meneja mkuu, Brian Sabean, aliambiwa kama hawataki watu hao basi awatoe yeye mwenyewe. Conte akauliza kama atalindwa Bonds akienda kulalamika kwa wakubwa. Hakupata ahadi hiyo. Hakuwatoa.

Tafadhali mwangalie mtu huyu kwa makini. Ana taaluma, ana cheo, ana wajibu juu ya miili ya wachezaji wote 25. Ameona jambo, amelisema panapotakiwa kusemwa, na amejibiwa kwa namna iliyomfundisha kwamba kuna mtu mmoja katika jengo hili asiyeguswa. Hakuna aliyemkataza kusema. Aliachwa tu apime mwenyewe uzito wake na uzito wa mwenye kiti. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, na Conte alipisha, kama golikipa wetu alivyopisha. Mimi simlaumu hata chembe.

Najua nitajibiwa kwamba besiboli si mpira wa miguu. Ni mchezo wa mtu na mtu: mrushaji amesimama kwenye kichuguu chake, mpigaji amesimama na gongo lake, hakuna pasi ya kunyimana. Nyota asiposalimiana na wenzake, gongo lake halipungui nguvu. Tena historia inawapa nguvu wanaosema hivyo. Oakland A's wa 1972 hadi 1974 walipigana ngumi wao kwa wao na wakatwaa ubingwa miaka mitatu mfululizo. Juni 1977, mbele ya kamera, meneja wa Yankees Billy Martin alimtoa Reggie Jackson katikati ya mchezo kule Boston kwa kuona ameufuata mpira kivivu, na wawili hao nusura washikane kwenye benchi mpaka wasaidizi wakaingia kati. Oktoba hiyohiyo Jackson alipiga homurani tatu katika mechi ya sita ya fainali, na Yankees wakawa mabingwa. Hata Bonds na Kent, fahali wawili wasiokaa zizi moja, walishikana kwenye benchi Juni 2002 huko San Diego. Na haki isemwe: siku ile Kent ndiye aliyekuwa akimfokea mwenzao David Bell, Bonds akaingilia upande wa Bell. Timu hiyohiyo ilifika fainali, ikaongoza 5-0 katika mechi ya sita na kubakiza kuwatoa wapigaji wanane tu ili iwe bingwa, kabla Anaheim Angels hawajageuza meza.

Kwa hiyo sitasema upendeleo unapoteza mechi, kwa sababu sina ushahidi huo na wewe huna. Ila tazama tena visa hivyo. A's walipigana. Martin alimkabili Jackson hadharani. Kelele zilikuwapo, watu waliambiana. Ugomvi na ukimya si kitu kimoja. Timu inayogombana bado ina watu wanaoamini kwamba maneno yao yana thamani.

Kisa cha Roger Clemens kinaonyesha kwamba upendeleo uleule unaweza kumezeka mahali pamoja na kukwama kooni mahali pengine. Alipojiunga na Houston Astros mwaka 2004, alikubaliwa jambo lisilo la kawaida: asisafiri na timu kwenye ziara ambazo hakupangiwa kurusha, abaki nyumbani na familia yake. Mrushaji anayeanza mechi hufanya kazi mara moja kila siku tano, kwa hiyo zipo siku nyingi ambazo anakaa benchini tu. Msimu ule, kwa mkataba wa dola milioni 5 ambao kwa mtu wa sifa zake ulikuwa mdogo, alishinda mechi 18 na kupoteza 4 na kutwaa tuzo yake ya saba ya mrushaji bora. Mwaka uliofuata Astros walifika fainali kwa mara ya kwanza katika historia yao. Kent, huyohuyo wa San Francisco, alikuwa kwenye chumba hicho cha Houston mwaka 2004.

Mei 2007 Clemens alirudi Yankees. Alitangazwa akiwa amesimama kwenye boksi la mmiliki, katikati ya mechi, kipaza sauti mkononi, kwa mkataba wa dola milioni 28 kwa mwaka unaokatwa kulingana na muda atakaocheza. Ruhusa ya kukaa nyumbani ilikuwa humo pia. Haukupita muda Kyle Farnsworth akasema hadharani kwamba hakupendezwa na jambo hilo, kwamba mtu wa timu anatakiwa awe na timu. Farnsworth alikuwa mrushaji wa akiba. Hawa ndio makuli wa besiboli: wanakaa kizimbani mwao nyuma ya uzio, wanangoja simu, wanainuka kupasha mkono moto, wanaambiwa wakae, wanainuka tena. Mmoja wao anaweza kupasha moto siku nne mfululizo na asiingie hata mara moja. Hawezi kukaa nyumbani, kwa sababu hajui siku yake ni ipi. Mwili wake unachakaa kwa kazi ambayo haihesabiwi popote. Clemens alishinda mechi 6 na kupoteza 6 msimu ule, na katika mtoano aliondoka na maumivu ya msuli akiwa amerusha muda mfupi tu.

Ni rahisi kusema Farnsworth alikuwa na wivu. Mimi naona alifanya kazi aliyopaswa kuifanya mtu mwingine mwenye cheo kikubwa kuliko chake, na ilimgharimu, maana vichwa vya habari vilimgeukia yeye.

Kuna kiti kingine katika historia ya mchezo huu ninachokipenda sana. Satchel Paige alikuwa mrushaji mashuhuri kuliko wote wa ligi za watu weusi, zile zilizokuwapo kwa sababu Ligi Kuu ilikuwa imewafungia mlango. Akiwa na Kansas City Monarchs alikuwa na upendeleo wa kila aina. Wenzake walibanana kwenye basi, yeye aliendesha gari lake mwenyewe, akafika muda aupendao. Mara nyingi alirusha vipindi vichache tu, kwa sababu watu walikuwa wamekuja kumwona yeye. Alilipwa sehemu ya kiingilio. Kwa hesabu ya juu juu alikuwa Bonds kabla ya Bonds.

Lakini umati uliomfuata Paige ndio uliolipa mishahara ya waliokuwa kwenye basi. Watazamaji wakijaa, wote wanakula. Kila mtu chumbani aliiona pesa hiyo ikiingia na aliijua imetoka wapi. Ubaguzi ulipoanza kuvunjika, Paige aliingia Ligi Kuu mwaka 1948 na Cleveland akiwa na umri wa miaka 42, na baadaye alipokuwa St. Louis Browns, mmiliki Bill Veeck alimwekea kiti cha kubembea kwenye kizimba cha warushaji wa akiba. Mwaka 1965, huko Kansas City, alipewa tena kiti cha namna hiyo, akainuka humo akiwa na miaka 59 na kurusha vipindi vitatu bila kuruhusu hata pointi moja. Kiti kile hakikugeuzwa ukutani. Kilikaa mbele ya uwanja mzima, katikati ya wenzake, na mzee alikaa humo akipiga soga na vijana ambao wangeweza kuwa wanawe.

Ndiyo maana siwaelewi wanaodai usawa wa kupima kwa mizani. Wachezaji wenyewe hawaudai. Hakuna kijana wa miaka 22 anayetegemea kupata anachopata nyota. Wanachokipima ni kingine: je, huyu akinikosea, nina wa kumwambia?

Novemba 2000, meneja mkuu wa New York Mets, Steve Phillips, alijiondoa kwenye mbio za kumsajili Alex Rodriguez, nyota ghali kuliko wote sokoni. Alisema mambo yaliyokuwa yakizungumzwa, kama ofisi yake uwanjani na mambo ya kumtangaza, yangewaletea timu ya watu 24 na mmoja pembeni. Wakala wa Rodriguez, Scott Boras, alilipinga simulizi hilo. Rodriguez alikwenda Texas Rangers kwa dola milioni 252 za miaka kumi, na Rangers wakashika mkia wa kundi lao 2001, 2002 na 2003. Kosa halikuwa gongo lake: alipiga homurani 52, kisha 57, kisha 47. Timu haikuwa na warushaji. Lakini ile hesabu ya 24 na mmoja imekaa akilini mwangu, kwa sababu inasema kitu ambacho wakuu wengi wa klabu wanakijua na hawakitamki: kwamba nyota akishawekwa nje ya hesabu, wale 24 nao wanabadilika. Wanakuwa wapangaji.

Nyota wa siku hizi, Shohei Ohtani, anayerusha na kupiga pia, amewekewa hata kanuni. Tangu 2022 mrushaji anayepiga pia anaruhusiwa kuendelea kupiga hata akishaacha kurusha, na kila mtu anajua ni nani aliyesababisha. Desemba 2023 alisaini na Los Angeles Dodgers kwa dola milioni 700, na akakubali milioni 680 zilipwe baada ya mkataba kwisha, bila riba, ili klabu ipate nafasi ya kuwanunua wengine. Dodgers wakatwaa ubingwa 2024 na 2025. Sisemi kila nyota afanye hivyo, maana si kila mtu ana mapato ya matangazo kama yake. Nasema mwenzake wa kabati la jirani akiutazama mkataba ule anajiona yumo.

Na sasa nirudi nyuma kabisa, Agosti 1925. Babe Ruth alikuwa mkubwa kuliko mchezo wenyewe. Alilipwa dola 52,000 kwa mwaka, alichelewa alipotaka, alilala nje alipotaka, alimdharau meneja wake mbele ya watu. Meneja huyo, Miller Huggins, alikuwa mtu mfupi, mwembamba, mwenye afya ya wasiwasi. Yankees walikuwa wanaelekea kumaliza nafasi ya saba. Timu ikiwa St. Louis, Ruth akachelewa tena uwanjani, na Huggins akamwambia asivae jezi: amesimamishwa, na faini ni dola 5,000. Karibu sehemu ya kumi ya mshahara wa mwaka mzima.

Ruth aliondoka akitangaza kwamba ni yeye au Huggins. Alikwenda kwa mmiliki, Jacob Ruppert, akiwa na hakika ya jibu, kwa sababu ndiye aliyejaza uwanja na Ruppert alijua hesabu zake. Ruppert alimjibu kwamba Huggins ndiye meneja. Ruth akarudi kuomba radhi, na Huggins hakuwa na haraka ya kumpokea.

Kwenye chumba kile alikuwamo kijana wa miaka 22, mkimya, aliyekuwa ameanza kupangwa kila siku tangu Juni ya mwaka huo. Jina lake Lou Gehrig. Hakuna ajuaye aliwaza nini. Alicheza mechi 2,130 mfululizo bila kukosa hata moja.

Mwaka uliofuata Yankees walifika fainali, na 1927 walikuwa mabingwa kwa kikosi ambacho hadi leo watu wanakitaja kama kipimo. Huggins alifariki 1929, akiwa bado meneja. Mwaka 1932 klabu ilimsimamishia mnara kwenye nyasi za uwanja ambao watu walikuwa wakiuita nyumba aliyoijenga Ruth, ukiwa wa kwanza kusimama pale. Wa Ruth mwenyewe ulifuata miaka 17 baadaye.